Fizikia ina deni kwa metafizikia

Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa halihitaji nafasi maradufu ya lile la kilomita 40 ili lisimame. Linahitaji nafasi mara nne. Kama breki ni zilezile na lami ni ileile, na basi la mwendo wa 40 likasimama mita 12 tangu breki ziliposhika, la 80 litasimama baada ya mita 48. Mwanafunzi yeyote wa fizikia wa sekondari anaijua kanuni iliyo nyuma ya hesabu hiyo: nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendokasi. Anaikariri, anaijibia mtihani, anapata alama zake. Asichoambiwa ni kwamba mraba huo haukuokotwa maabara. Dai kwamba huo ndio kipimo halisi cha nguvu iliyomo katika kitu kinachokwenda lilitolewa na mwanafalsafa mwaka 1686, kwa hoja ya kifalsafa, na ilipita zaidi ya miaka 30 kabla majaribio ya makusudi hayajaja kuliunga mkono.

Kuna imani iliyoenea, hata miongoni mwa wasomi, kwamba sayansi ilizaliwa siku watu walipoachana na falsafa wakaanza kupima. Kwa imani hiyo, mwanasayansi ni mtu wa macho na mizani, na mwanafalsafa ni mtu wa maneno. Historia haikubaliani nayo. Macho hayajui yatazame nini mpaka akili iwe imeamua kipi kinahitaji kuelezwa, na uamuzi huo haupimwi kwa rula. Wanafalsafa wa urazini wa karne ya 17 na ya 18, yaani wale walioshikilia kwamba akili ina kanuni zake ambazo haikuazima kwenye milango ya fahamu, waliamini kwamba ulimwengu wenyewe umeundwa kwa namna inayoeleweka: hakuna kinachotokea bila sababu ya kutosha ya kutokea hivyo na si vinginevyo. Hilo ni dai kuhusu ulimwengu wenyewe, yaani dai la metafizikia. Lakini ukilikubali, papo hapo linakuamulia pia maana ya kujua. Haitoshi tena kusema jambo fulani hutokea hivi. Unadaiwa useme kwa nini halikutokea vile. Nadharia ya maarifa inachukua umbo la metafizikia iliyoizaa, na humo mna faida kubwa na hatari kubwa.

Tuanze na hatari. René Descartes, katika kitabu chake cha kanuni za falsafa kilichotoka mwaka 1644, alitoa hoja kwamba Mungu habadiliki, kwa hiyo kiasi cha mwendo alichokiweka ulimwenguni hapo mwanzo ndicho kilichopo hadi leo. Kiasi hicho alikipima kwa kuzidisha ukubwa wa kitu na mwendokasi wake. Kutokana na hapo akatoa kanuni saba za migongano. Ya nne inasema kwamba kitu kidogo kikikigonga kikubwa kilichotulia, hata kikija kwa kasi ya namna gani, hakitakisogeza, kitarudi kilikotoka. Mtoto anayecheza gololi angeweza kumsahihisha. Descartes mwenyewe alijua kwamba watu wangeona kinyume chake, akajitetea kwamba katika dunia hii vitu vimezungukwa na vitu vingine vinavyoingilia kila mgongano, ndiyo maana kanuni haionekani ikiwa safi. Akili ilitoa hukumu, kisha ikafunga mlango wa rufaa. Wanaoichukia metafizikia hupenda kuishia hapa, na kama kesi ingeishia hapa wangekuwa na haki.

Haikuishia hapo. Machi 1686 Gottfried Wilhelm Leibniz, mzaliwa wa Leipzig aliyekuwa akifanya kazi Hanover, alichapisha makala fupi katika jarida la Acta Eruditorum kuonyesha alipokosea Descartes. Hoja yake inafaa kufuatwa hatua kwa hatua, maana haidai zaidi ya hesabu za shule ya msingi. Kuinua mzigo wa kilo 4 kwa mita 1 ni kazi sawa na kuinua mzigo wa kilo 1 kwa mita 4 (yeye alitumia vipimo vya zama zake, mimi natumia vyetu). Hilo hata wafuasi wa Descartes walilikubali. Sasa iache mizigo yote miwili ianguke. Galileo alikwisha kuonyesha kwamba kitu kinachoanguka kutoka kimo mara nne hufika chini kwa mwendokasi mara mbili, si mara nne. Basi mzigo wa kilo 4 tuupe mwendokasi wa 1, na ule wa kilo 1 tuupe 2. Kwa kipimo cha Descartes, wa kwanza una 4 na wa pili una 2. Hesabu zimepishana, ingawa mizigo yote miwili ilipandishwa kwa kazi ileile. Tena tatizo ndiyo kwanza linaanza. Tuseme mwendo wote wa mzigo mkubwa umehamishiwa kwenye mdogo, na kiasi cha Descartes kimebaki 4 kama anavyotaka. Kilo 1 sasa itakwenda kwa mwendokasi wa 4, na kitu chenye mwendokasi mara nne hupanda kimo mara 16. Tulianza na kilo 4 kwenye kimo cha mita 1. Tumemaliza na kilo 1 kwenye kimo cha mita 16. Kazi ya 4 imezaa 16, na tofauti ya 12 hakuna aliyeilipa. Weka mraba wa mwendokasi mahali pa mwendokasi, na hesabu inatulia: 4 mara 1 ni 4, na 1 mara mraba wa 2 ni 4.

Christiaan Huygens alikwisha kuiona hesabu hiyo ya mraba kwenye migongano ya vitu vigumu, na Leibniz, aliyejifunza mengi kwake alipokuwa Paris, hakuianza kutoka sifuri. Alichoongeza ni madai kuhusu undani wa mambo: kwamba kinachohifadhiwa ni nguvu halisi iliyomo ndani ya vitu, si tarakimu inayotokea kulingana. Na kinachoibeba hoja yake si kipimo. Galileo ametoa uwiano, lakini nguzo kuu ni imani kwamba tokeo zima haliwezi kuzidi sababu yake nzima. Ukiiondoa imani hiyo, ile 12 ya ziada inakuwa habari njema tu: tumepata mashine ya bure. Leibniz aliona ni upuuzi, kwa kuwa kitu kingekuwa kimepatikana pasipo sababu ya kutosha.

Msomaji mwenye mashaka atasema imani hiyo ni uzoefu uliovishwa joho la falsafa. Watu walijaribu kwa karne nyingi kuunda mashine za kujiendesha milele, wakashindwa, na Leibniz akageuza kushindwa kwao kuwa kanuni ya akili. Hoja hii ina mashiko, ila haifiki mbali. Mashine elfu zilizoshindwa zinathibitisha kushindwa kwa mashine elfu. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris iliamua kutopokea tena mapendekezo ya mashine za namna hiyo, na wakati huo ilikuwa imebaki takriban miaka 70 kabla kanuni ya uhifadhi wa nishati haijatamkwa kwa ukamilifu wake. Wanaakademia wale hawakuwa wamekagua kila mashine ambayo binadamu angeweza kuibuni. Walifunga dirisha kwa sababu walikwisha kusadiki kwamba ulimwengu hautoi kitu bure. Kwa maneno mengine, taasisi iliyoheshimika kuliko zote katika sayansi ya zama zile iliamua kipi kisipimwe, kwa msingi ambao vipimo peke yake visingeweza kuipa. Na iliamua sawa.

Hata hivyo vipimo vilikuja, na vilikuja kutoka kambi ya upinzani. Willem 's Gravesande, profesa wa Leiden nchini Uholanzi, alikuwa mfuasi wa Newton, na wafuasi wa Newton kwa kawaida hawakutaka kusikia habari za mraba wa Leibniz. Katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1722 alieleza jinsi alivyoangusha tufe za shaba kwenye udongo laini wa mfinyanzi. Tufe zilikuwa za ukubwa mmoja lakini uzito tofauti. Nzito ikiangushwa kutoka kimo kifupi na nyepesi kutoka kimo kirefu, kwa namna ya kuufanya uzito mara kimo utoke sawa, mashimo yaliyobaki udongoni yalilingana. Tufe ileile ikija na mwendokasi maradufu, udongo uliosukumwa ulikuwa mara nne. Kule Italia Giovanni Poleni alikwisha kupata matokeo kama hayo mwaka 1718 kwa kutumia mafuta ya mnyama yaliyoganda. 's Gravesande akabadili msimamo hadharani, jambo ambalo si dogo kwa msomi mwenye jina. Hasira za London hazikukawia: mwaka 1728 Samuel Clarke, aliyebishana na Leibniz kwa barua mwaka 1715 na 1716, aliandika kuhusu watetezi wa mraba maneno makali kuliko hoja zake. Lakini jiulize: nani angewaza kupima kina cha mashimo ya udongo kama hakuna aliyedai kwanza kwamba nguvu ya kitu ipimwe kwa jumla ya kazi inayoweza kuifanya hadi itakapokwisha? Shimo la udongo halikuwa ushahidi wa chochote mpaka metafizikia ilipoligeuza kuwa ushahidi.

Aliyelielewa jambo hili kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Émilie du Châtelet. Mwaka 1740 alichapisha Paris kitabu cha misingi ya fizikia bila kuweka jina lake, akikiandika kana kwamba ni masomo ya mwanawe. Kitabu hicho hakianzi na kuanguka kwa vitu wala na mwendo wa sayari. Kinaanza na sura ya kanuni za maarifa yetu, na kanuni ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kitu hakiwezi kuwa na kutokuwa kwa wakati mmoja. Hiyo inatawala kweli za lazima, kama za hisabati. Ya pili ni ile ya sababu ya kutosha. Hiyo inatawala kweli ambazo zingeweza kuwa vinginevyo, na karibu fizikia yote imo humo. Mgawanyo huu unaonekana mkavu, lakini tazama unavyofanya kazi. Kama sheria za asili zingeweza kuwa vinginevyo, basi huwezi kuzichota kichwani kama Descartes alivyochota kanuni zake saba. Sharti uende kwenye majaribio. Na kama kila zinachoamuru kina sababu, basi majaribio peke yake hayajamaliza kazi. Sharti useme kwa nini. Metafizikia yenyewe ndiyo inayomtuma mwanasayansi maabara, na metafizikia yenyewe ndiyo inayomkataza kulala huko.

Sura yake ya nne inahusu nadharia tete, na ingefaa isomwe na kila anayeandika tasnifu leo. Anawakosoa wafuasi wa Descartes waliojaza vitabu kwa mambo ya kubuni, kisha anawakosoa wafuasi wa Newton waliokimbilia upande wa pili wakataka kuzifukuza nadharia tete zote. Bila kukisia, anasema, hata astronomia ya Copernicus na Kepler isingekuwapo. Masharti yake ni makali: kisio lisipingane na kanuni ya sababu ya kutosha, litokane na ujuzi wa mambo yote yaliyokwisha kuthibitika kuhusu suala husika, na likumbukwe kwamba jaribio moja halitoshi kulipitisha, ilhali moja laweza kutosha kuliangusha. Aliyaandika haya karne mbili kabla ya Karl Popper kupata sifa kwa wazo linalofanana nalo. Sura ya mwisho inatetea mraba wa Leibniz dhidi ya Jean-Jacques Dortous de Mairan, ambaye muda si mrefu akawa katibu wa Akademia ya Paris. Mwaka 1741 wakajibizana kwa maandishi ya kuchapishwa, na bibi huyo hakurudi nyuma. Voltaire, aliyeishi naye nyumba moja kule Cirey, alisimama upande wa pili katika mjadala huo huo. Sioni dalili kwamba kukaa meza moja na mpinzani kulimdhuru.

Pingamizi zito kuliko yote ni Newton. Mwaka 1713, kwenye maelezo aliyoyaongeza mwishoni mwa toleo la pili la kitabu chake cha Principia, alisema hajaweza kugundua chanzo cha mvutano na kwamba habuni makisio. Sheria yake ilitabiri mwendo wa sayari na kupwa na kujaa kwa bahari. Leibniz, aliyeulalamikia mvutano wa mbali kuwa muujiza usiokoma, hakuwa na sheria ya kushindana nayo. Je, hii haithibitishi kwamba sayansi huenda vizuri zaidi ikiacha kuuliza kwa nini? Inathibitisha kwamba inaweza kwenda mbali kabla ya kujibu. Kwamba inaweza kuacha kuuliza, hapana. Newton mwenyewe, katika barua kwa Richard Bentley mwaka 1693, aliita upuuzi wazo la kitu kuvuta kingine kwa mbali bila chochote katikati. Alinyamaza kwa kuwa hakuwa na jibu. Hakusema swali halifai. Mwaka 1915 Albert Einstein alileta nadharia ambamo mvutano hauruki utupu bali ni kupinda kwa anga na wakati. Malalamiko ya Leibniz yalikuwa halali kwa miaka yote 200 iliyopita kati yao, hata kama yeye hakuwa na dawa. Na tusimfanye Newton kuwa mtu asiye na metafizikia: anga yake kamili, iliyopo hata pasipo vitu, haikuwahi kuonekana na mtu.

Jean le Rond d'Alembert alitangaza mwaka 1743 kwamba ugomvi wote wa vipimo viwili vya nguvu ni ugomvi wa maneno. Kuna ukweli ndani yake. Ukizingatia mwelekeo, kipimo kinachofanana na cha Descartes nacho huhifadhiwa. Kimoja kinajibu nguvu ilisukuma kwa muda gani, kingine kwa umbali gani. Lakini kuliita jambo la maneno kulificha kilichokuwa kinakuja, yaani kanuni ya uhifadhi wa nishati. Julius Robert Mayer, daktari wa Ujerumani aliyesafiri na meli ya Kiholanzi hadi Java mwaka 1840, aliona damu ya vena ya mabaharia ikiwa nyekundu kuliko alivyozoea. Akawaza kwamba kwenye joto mwili hauhitaji kuunguza chakula kingi ili ujipashe. Makala yake ya mwaka 1842 haikuanza na damu wala na kipimajoto. Ilianza kwa kuuliza nguvu ni nini, ikajibu kwamba ni visababishi, na kwamba kisababishi hulingana na tokeo: nguzo ileile ya Leibniz. Hermann von Helmholtz naye, mwaka 1847, aliitangulizia kazi yake ya uhifadhi wa nguvu maelezo kwamba sayansi inatakiwa iamini kila badiliko lina sababu ya kutosha. Mhariri wa jarida kubwa la fizikia la Ujerumani aliikataa, akiona ina falsafa nyingi kuliko majaribio. Ikabidi Helmholtz aichapishe kama kijitabu. James Joule kule Uingereza alikuwa akipima kwa subira kubwa, na bila yeye kanuni isingesimama. Lakini hata yeye aliamini kwamba nguvu alizoziumba Mungu haziwezi kupotea.

Imani ya namna hii inaweza kumpotosha mtu, sikatai. Leibniz alitumia kanuni ileile kukana atomu na utupu, na huko alichemsha. Swali ni kama kuna njia ya kupata faida bila kuingia hatarini, na sidhani ipo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 elektroni zilizotoka kwenye viini vya atomu zilionekana kubeba nishati pungufu kuliko kiini kilichopoteza, na upungufu ulibadilika kila mara. Niels Bohr, mwanafizikia mwenye heshima kuliko wengi, alikuwa tayari kusema uhifadhi wa nishati haufanyi kazi huko. Mtu wa vipimo vitupu angekubaliana naye, maana vipimo ndivyo vilivyosema. Wolfgang Pauli aliandika Desemba 1930 kupendekeza kwamba kuna chembe isiyoonekana inayoondoka na kilichobaki. Chembe hiyo, nutrino, ilinaswa mwaka 1956. Pauli angeweza kukosea, na angekosea kwa sababu nzuri.

Inabaki atomu ya radiamu. Chukua mbili zilizo sawa kwa kila hali: moja yaweza kupasuka leo, nyingine ikakaa miaka elfu, na fizikia kama inavyofundishwa haitambui tofauti yoyote kati yao iliyoamua hivyo. Nusu ya rundo itakuwa imekwisha katika miaka 1,600 hivi. Ipi itangulie, hakuna sababu. Sitaki kuzunguka: kama dai kuhusu ulimwengu, kanuni ya sababu ya kutosha imepigwa hapa, na anayetaka kuiokoa ana kazi ngumu. Kama dai juu ya mtafiti, kwamba asiache kutafuta sababu, kwa maana ambayo Immanuel Kant alikwisha kuielekea, haijapigwa. Einstein na wenzake wawili walisema mwaka 1935 kwamba nadharia ya kwantumu haijakamilika, na wengi wakaona ni mzee anayeng'ang'ania falsafa. John Bell, aliyeajiriwa CERN kwa kazi za mitambo ya kuongeza kasi ya chembe, hakuona hivyo. Moyo wake ulikuwa upande wa Einstein. Mwaka 1964 alionyesha kwamba kama kuna visababishi vilivyojificha, na kama haviathiriani kwa kasi kupita mwanga, basi vipimo vya chembe pacha haviwezi kuvuka kikomo fulani cha hesabu. John Clauser alipima mwaka 1972, Alain Aspect mwaka 1982, na kikomo kikavukwa. Mwaka 2022 wakapewa Nobel pamoja na Anton Zeilinger. Waliokuwa wameridhika kwamba hakuna sababu ya kutafuta hawakuwa na haja ya jaribio hilo, na kwa miaka karibu 30 baada ya makala ya Einstein hawakulibuni.